Wimbo wa Kumi

Kaka yangu alirekodi sahani moja tu ya santuri maishani mwake, na sahani hiyo ina kasoro niliyoitia mimi. Walioinunua hawajui. Wao waliona picha ya mwanaume mwembamba aliyekumbatia gitaa kavu, shati amelifunga mpaka kifungo cha shingoni kana kwamba anakwenda kubatizwa, na nyuma ya jalada wakasoma majina ya nyimbo kumi. Tisa alizitunga kwa moyo wake. Wa kumi uliingizwa kujaza nafasi, na nafasi hiyo niliiacha wazi mimi. Sasa nimezeeka na wote waliohusika wameshalala, kwa hiyo naweza kusema bila kumwaibisha mtu isipokuwa mwenyewe.

Kwa mama tulibaki watoto wawili. Kaka alitangulia, mimi nikafuata baada ya wengine watatu ambao hawakukaa. Nyumbani kwetu kulikuwa mlimani, upande wa Butiama: boma la ng'ombe, shamba la pamba, muhogo na mtama wa kula. Baba alikuwa mtu wa maneno machache na ng'ombe wengi. Kaka hakutaka ng'ombe. Alikwenda Bunda akawa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, akapanga chumba Nyasura, na mshahara wa kwanza akaumalizia kwenye gitaa. Mimi nilisomea uuguzi nikapangiwa zahanati Musoma, nikawa naishi Kigera. Jumamosi moja moja nilipanda basi kwenda kumpikia, maana chakula chake kilikuwa chai na maandazi, na kesho yake maandazi na chai.

Bluzi, muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, aliipata kwa padri. Jenereta ya misheni iliharibika, kaka akaitwa aitengeneze. Padri huyo, Mmarekani mrefu aliyesema Kiswahili cha kwenye vitabu, alikuwa na gramafoni, na siku hiyo alikuwa amepiga sahani ya mzee mmoja mweusi wa kwao, anaimba peke yake na gitaa lake. Kaka aliniambia alisimama na bisibisi mkononi mpaka upande mzima ukaisha. Alirudi pale Jumapili nne mfululizo, na jenereta haikuwa na ubovu wowote.

"Dada, yule mzee analia msiba," aliniambia. "Tofauti ni kwamba hana mtu wa kumwitikia. Anasema neno, ananyamaza, halafu gitaa lake ndiyo linaitikia."

"Labda dada zake walimkimbia," nikasema.

Alicheka sana. Lakini nilimwelewa. Kwetu wimbo wa msiba una watu wawili. Mtoto wa kiume wa marehemu anatoa neno, mtoto wa kike anaitikia, na neno lisiloitikiwa linahesabiwa halikusemwa. Kaka akaanza kutunga nyimbo zake mwenyewe kwa mtindo wa yule mzee, kwa lugha yetu ya nyumbani na nyingine kwa Kiswahili. Alitunga juu ya mke wake aliyerudi kwao, juu ya mwenzake wa kazini aliyekatwa vidole na mashine, juu ya mvua iliyopita mbali. Anatoa neno, gitaa linaitikia. Watu wa Bunda walizoea muziki wa kuchezeka, wakamwambia mbona unatutoa machozi tukiwa tumekuja kunywa. Ila hawakuondoka.

Ukafika mwaka wa serikali kuhamishia watu vijiji vya ujamaa. Viongozi walipanda mlimani kwetu wakaeleza habari ya shule, maji, barabara na zahanati. Mimi nikiwa mtu wa zahanati niliyaamini maneno yale, na mengine nayaamini mpaka leo, maana nimeona wanawake wengi wakifia njiani wakitafuta mkunga. Lakini kuamini ni jambo moja, na kumwona baba yako anapanda juu ya nyumba yake kuibomoa ni jambo jingine. Siku ya lori la kutuhamisha ilikuwa imeshatajwa. Baba alisema mgambo hawatagusa nyumba yake, ataishusha mwenyewe na fito atazihesabu mwenyewe.

Nilikuwa likizo, nikaenda kusaidia. Kwa siku tatu tulishusha ile nyumba, baba, mama na mimi. Baba alikata kamba juu, mama akapokea nyasi, na mimi nikashika nguzo ya kati isije ikamwangukia mtu. Vumbi la miaka yote ile liliingia kinywani. Panya walitoka wakakimbilia shambani. Jua lilipoingia mara ya kwanza mahali mama alipokuwa analala, alikwenda akasimama palepale kwenye mwanga, nami nikatazama pembeni. Mikono yangu ilichubuka kiasi kwamba niliporudi kazini nilishindwa kushika sindano.

Na kaka? Kaka alikuwa Musoma, amealikwa kupiga gitaa kwenye dansi. Tulimpelekea habari, akajibu atakuja. Alikuja siku ya tatu alasiri, lori limeshafika, shati safi, gitaa amelifunga kwenye kitenge kama mtoto mgonjwa. Baba alimtazama, hakumgombeza. Akamkabidhi kuku mmoja aliyefungwa miguu, akasema, "Shika huyu." Kazi yake katika kuhama kwetu ilikuwa hiyo, kumshika kuku.

Baba hakumaliza miezi mitano kule kijijini. Nyumba mpya ilikuwa bado haijasiribwa upande mmoja. Mimi ni muuguzi, siwezi kuandika kwamba mtu amekufa kwa kuhama. Presha ilikuwepo tangu zamani na dawa alikuwa hanywi. Lakini jioni za mwisho alikuwa anakaa nje ameelekeza kiti mlimani, kule yaliko makaburi ya wazee wake, na ukimwita haitiki mpaka umguse bega.

Siku ya mazishi kaka alisimama na wimbo wake. Hakuwa ameniambia ameutunga. Alipiga gitaa polepole, akatoa neno la kwanza, na nywele zikanisimama, kwa uzuri wake na kwa hasira. Maana alikuwa anaimba nyumba. Tukiuweka kwa Kiswahili, alianza hivi:

Baba, paa tulilishusha kwa mikono yetu.

Na mimi nikaitikia, kwa sababu ndiyo kazi ya mtoto wa kike na watu wote walikuwa wananisikiliza:

Jua likaingia, likaingia.

Akaendelea. Nguzo ya kati niliishika, baba, nikasikia inalia. Vumbi la miaka yako lilinijaa kinywani. Kila neno alilolisema lilikuwa langu. Nilikuwa nimemsimulia yote chumbani kwake Nyasura, usiku mmoja nikilia huku nampikia, na yeye alikuwa ananisikiliza kimya, kumbe anaokota. Wanawake walilia mpaka wengine wakaanguka. Wazee walimshika kaka mkono wakamwambia amemzika baba yake vizuri. Mimi hakuna aliyenishika mkono. Nilikuwa mwitikiaji tu.

Shangazi yetu aliyeolewa Butiama, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyetukumbusha utaratibu kabla hajaondoka. "Wimbo wa baba yenu mmeimba leo. Mtaimba tena siku ya kuondoa matanga, halafu mnauacha palepale. Hatuimbagi mara ya tatu. Ukiimba mara ya tatu unaita mwingine." Akatukumbusha pia kwamba mpaka siku hiyo mtoto wa kiume haendi kwa mama mjane na maneno yanayomhusu marehemu. Akiwa na neno anamtuma dada yake. Haya yote tuliyajua, lakini shangazi alikuwa mtu wa kusema mpaka aone umeitikia kwa kichwa.

Matanga yalikuwa bado hayajaondolewa mwenye studio alipokuja kumtafuta kaka. Alikuwa mtu wa Nairobi, anazunguka ziwa lote akitafuta waimbaji, na alikuwa amemsikia kaka kwenye baa moja ya Mukendo, pale Musoma mjini. Waimbaji wengi wa wakati ule walirekodi sahani ndogo, wimbo mmoja kila upande. Huyu alitaka sahani kubwa, nyimbo kumi, mtu mmoja na gitaa lake. Alisema jambo hilo halijafanyika huku kwetu. Nadhani pia alipenda kwamba mtu mmoja anakula sahani moja ya chakula, wakati bendi inakula sufuria.

Kaka alikuja mpaka Kigera kuniambia. Sijawahi kumwona na uso ule. Alikuwa na nyimbo tisa anazoziona zimekamilika, na wa kumi alitaka uwe wa baba.

"Utakuja tuimbe wote," alisema. "Nimeshamwambia yule bwana tutakuwa wawili. Ataleta kipaza sauti cha pili."

"Umesahau maneno ya shangazi?"

"Sijasahau. Ndiyo maana nakutuma kwa mama. Akikubali, mimi sina hofu. Akikataa basi, siweki. Kanisemee vizuri, dada. Zile tisa ni mazoezi. Ule ndiyo nilizaliwa niuimbe."

Nikamwuliza kwa nini asiuimbe peke yake na gitaa likaitikia, kama yule mzee wa padri. Alinitazama kama nimetukana. "Yule alikuwa hana mtu. Mimi nina wewe."

Ningekuwa mtu mwema, neno hilo lingenilainisha. Badala yake lilinichoma. Nina wewe! Siku nashika nguzo, alikuwa na nani? Nilijiona nimesimama Nairobi kwenye chumba cha studio, naitikia maneno yangu mwenyewe yakitoka kinywani mwake, halafu yanauzwa madukani yakiwa na picha yake. Lakini sikusema. Laiti ningesema pale, tungegombana, angenijibu, ningemtupia mwiko, na jioni tungekula. Nilisema, "Sawa, nitakwenda."

Nikaenda kweli. Nilimkuta mama nje anamenya muhogo wa kuanika, nikachukua kisu cha pili nikakaa naye. Tulimenya tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Aliniuliza habari za kazi, nikamwambia. Aliniuliza kama Musoma dagaa wameshuka bei, nikamwambia wameshuka. Kisha akaweka kisu chini, akaniangalia.

"Kaka yako amekutuma?"

Nakumbuka nzi walikuwa kwenye maganda. Nakumbuka alikuwa ametulia, hana haraka, kama mtu aliyeshajua swali na ana jibu tayari. Hilo la mwisho nimeliona baadaye. Wakati ule niliona uchovu wake tu, nikajidanganya kwamba namhurumia.

"Anakusalimu tu," nikasema.

"Anasafiri lini?" aliuliza. Habari za Nairobi zilikuwa zimeshafika kijijini.

"Wiki ijayo."

"Haya," akasema, akachukua kisu.

Kutoka hapo nikaenda Bunda. Kaka alikuwa ananisubiri kituoni, hakungoja hata nivuke barabara.

"Mama amekataa," nikamwambia.

"Amesemaje?"

Hapo nilikuwa sijajiandaa. Uongo wa maneno mawili nilikuwa nimeubeba njia nzima, lakini sikufikiri kama atataka kusikia sauti ya mama ndani yake. Neno lilitoka lenyewe: "Amesema mume wake hauzwi dukani."

Aliamini palepale, kwa sababu lilikuwa neno la namna ya mama. Ulimi wangu nimeurithi kwake, kila mtu alikuwa anasema hivyo. Kaka aliinamisha kichwa. Akasema, "Ana haki," halafu akaninunulia soda, maana nilikuwa nimesafiri juani kwa ajili yake. Nilikunywa soda ile yote.

Akaenda Nairobi peke yake. Mimi ambaye nilikuwa sijawahi kuvuka Tarime nilibaki Kigera nachoma watoto sindano, na kila mtoto aliyelia nilimwona ana haki. Aliporudi hakusimulia sana. Alisema studio ina zulia ukutani, na chumba kimekufa kabisa, ukipiga kofi halirudi. Alisema alipomaliza wimbo wa tisa mwenye studio alimwuliza yuko wapi yule mwanamke wa kuitikia, akamjibu amepata udhuru.

Miezi iliyofuata mvua zilinyesha, tukavuna, tukaondoa matanga. Mama alinyolewa. Shangazi alikuja kutoka Butiama akasimamia kila kitu. Kaka na mimi tukasimama mbele ya watu tukaimba ule wimbo mara ya pili, ya mwisho. Siku hiyo sikuwa na hasira. Ilikuwa imeniishia bila kuniaga. Alipofika kwenye nguzo ya kati alinigeukia. Hakuimba "niliishika." Aliimba "uliishika." Alikuwa amelibadilisha. Sijui alilibadilisha lini, huenda kabla ya Nairobi, huenda angelirekodi hivyo hivyo. Nilishindwa kuitikia. Nikajikaza, nikaitikia kwa kuchelewa, na watu wakadhani ni kilio. Tulipomaliza shangazi akasema, "Basi, tumeuacha hapa," na wimbo ukaachwa pale.

Leo, nikijaribu kuukumbuka, ninapata viitikio vyangu tu. Yale maneno yake mengine, zaidi ya hayo machache niliyoyaandika, yameniponyoka.

Sahani ilitoka mwaka uliofuata. Nilikuwa nimehamia Mukendo, vyumba viwili karibu na soko. Mama alikuja Musoma kutibiwa macho, kaka akaja kumwona, na Jumapili mchana tukaazima gramafoni ya jirani. Nilikuwa nimepika furu, wale samaki wadogo wa ziwani, na ugali wa muhogo. Mama alikaa kwenye mkeka, kitambaa machoni, miguu ameinyoosha, na kaka akaweka sahani.

Sikuwa nimeisikia mpaka siku ile. Naweza kusema sasa, bila upendeleo, kwamba zile nyimbo tisa ni nzuri kupita kitu chochote ambacho mtu wa kwetu amewahi kukifanya na gitaa. Sauti yake iko karibu, unasikia anavuta pumzi. Anasema neno, ananyamaza, gitaa linaitikia. Mara moja, kwenye wimbo wa mke aliyerudi kwao, mama aliguna akasema, "Yule naye." Kaka alitabasamu, akageuza upande wa pili.

Wa mwisho ulikuwa wa pamba. Limeni pamba, ndugu, pamba ndiyo dhahabu. Alikuwa ameutunga zamani kwa ajili ya sherehe ya kiwandani, wenye haraka na wa kuchezeka, na ukiusikia baada ya zile tisa ni kama mtu ameingia msibani anapiga filimbi. Nilimtazama kaka. Alikuwa anaangalia sakafu mpaka ulipoisha.

"Imekwisha?" mama aliuliza.

"Imekwisha, mama."

"Na wa baba yenu uko wapi?"

Kaka alinyanyua kichwa. "Wa baba?"

"Ule wa nyumba. Nilifikiri mtauweka humo." Mama alikuwa anaongea taratibu, kitambaa bado kiko machoni, sisi hatuyaoni macho yake wala yeye hatuoni sisi. "Sisi hatuimbagi tena, shangazi yenu amesema kweli. Ila kwenye sahani si sisi tunaimba. Imeshaimbwa, inakaa tu. Nilikuwa nasema moyoni, siku nikimkumbuka nitasema niwekeeni. Nilingoja mje kuniuliza, hamkuja."

Nilisikia watu wa sokoni wakiitana. Kaka alinigeukia, na nikaona linamfikia kidogo kidogo: safari yangu kwa mama, kituo cha basi, soda. Nilitaka anitukane. Nilikuwa tayari anipige mbele ya mama, nami ningeshukuru.

"Ulikuwa mrefu, mama," akasema. "Haukuenea kwenye sahani. Ndiyo maana hatukuja kukusumbua."

Mama alifikiri. Akajifuta machozi ya dawa chini ya kitambaa, kama yalikuwa ya dawa.

"Si wangeutoa huo wa pamba," akasema.

"Ni kweli, mama," kaka akasema. "Tungeutoa."